Posa ya Ghalani

Magomeni, Mtwara
4 Oktoba 1968

Mwanangu Thabiti, salamu zikufikie huko Msimbati.

Kosa la wengi wetu ni kutafuta kazi kama tunavyotafuta mke, kwa kumtuma mzee akaseme. Ulinituma, nami jana nilivaa kanzu nikaenda kwenye ghala la korosho. Karani mkuu, Bwana Inasio, akacheka.

"Mzee Alawi, umekuja kuposa? Mwenye haja hana mdomo?"

"Anao, ila ana kigugumizi."

"Basi aje nacho. Magunia yatamsubiri amalize neno."

Usidhani alikudhihaki. Nimefundisha miaka mingi, kwa hiyo niache nikueleze: anayeajiri anataka kumwona atakayefanya naye kazi, si mjomba wake. Najua shuleni walikucheka, na tangu hapo unasemewa hata dukani. Mimi sitakusemea tena. Nafasi ni moja, na kesho asubuhi Bwana Inasio atachagua mtu kati ya watakaofika.

Mkaza mjomba wako amekwisha kulipiga pasi lile shati langu jeupe.

Dereva aliyekuletea barua hii anarudi mjini leo. Panda lori lake.

Mjomba wako,
Alawi