Zaituni Alibonyeza

Tabata, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nauliza kwanza goti lako, na kama shangazi ameacha kukohoa. Mawese yamefika na treni, chupa haikuvuja. Mimi mwili ni mzima ila moyoni sina raha, na sababu yake sikutaka kuisema kwenye simu. Karatasi hii kuna mtu utamsomea.

Unakumbuka habari ya Zaituni, yule binti wa Bangwe niliyemwombea kazi hapa kiwandani. Nilikwambia mkanda wa mashine ya kufungasha unga umemvunja mkono kwa uzembe wake, hakubonyeza kitufe cha kusimamisha, alikuwa anachezea simu. Mama, hilo la simu nililiongeza mimi. Nilitaka hadithi inoge.

Yeye tangu siku ile alishika neno moja: "Kaka Hamisi, nilibonyeza. Wallahi nilibonyeza." Nami niliyeiandika programu ya ile mashine nikamjibu mbele za watu kwamba haiwezekani, nimeijaribu mara nyingi na husimama kila mara.

Kumbe inawezekana. Programu yangu hutazama kwanza kama kitufe kimebonyezwa. Kama bado, inatulia kusubiri mfuko unaofuata upite kwenye mizani; ukibonyeza ikiwa imetulia, ishara ya kitufe huiamsha na mkanda husimama. Kati ya kutazama na kutulia kuna mwanya, mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Ukibonyeza humo humo, ishara inafika, lakini hakuna wa kuitazama mpaka mfuko mwingine upite. Na mfuko ungepitaje, mkono wa mtu umekwama njiani? Mkanda uliendelea kuvuta mpaka mwenzetu akakata umeme. Juzi niliichelewesha programu makusudi pale katikati, nikabonyeza. Haikusimama. Nikarudia, Mama, ikawa vile vile.

Nimeshaitengeneza. Sasa ishara inazuiwa mlangoni wakati programu inatazama, na mlango unafunguliwa papo hapo inapoanza kusubiri, ishara iingie na kuiamsha; mwanya haupo tena. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, na hilo ndilo linaloniuma. Nimemweleza meneja, na wafanyakazi wenzangu wote wamesikia. Kisha nikaenda kwa Zaituni. Hakunigombeza. Alisema, "Mimi mbona nilikuwa najua. Mama ndiye hajui. Huko sokoni ameambiwa nachezea simu kazini, siku hizi nikimpigia hapokei."

Maneno hayo ya sokoni yalitoka kinywani mwangu, yakapitia kwako.

Nakuomba uende Bangwe, nyumbani kwao, umsomee mama yake barua hii yote. Usimwambie kwamba mashine ilikosea. Mwambie aliyekosea ni mimi, mwanao. Akikufukuza, nisamehe, halafu rudi tena kesho yake.

Nisalimie baba mdogo na shangazi, na wale kina mama wa sokoni Ujiji uliowasimulia ile hadithi yangu. Wape na hii, kwa sauti ile ile.

Mwanao mwenye aibu,
Hamisi