Hodi ya Chiriku

2 Februari

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake, na umuulize goti limeamkaje. Mimi sijambo, nanukia siagi mpaka kwenye nywele, kwa sababu siku hizi bosi wa hapa bekari kanipa keki zote za harusi nizipambe mimi. Meza yangu wameikata miguu, kiti changu cha magurudumu kinaingia chini yake sawasawa, na sasa wapambaji wenzangu ndio wanaoinama na kulalamika viuno. Nafurahi kupita kiasi.

Sasa lililonifanya niandike. Nimepata likizo mwezi wa nne, nataka kuja nyumbani. Lakini Baba, unakumbuka nilivyoingia mara ya mwisho. Baba mdogo kanishika kwapani, majirani miguuni, kiti kinafuata nyuma, na mlango wetu nikaupita chali kama godoro jipya, kila mtu anamwambia mwenzake aangalie kichwa. Nilicheka pamoja nanyi. Nilipofika chumbani nikalia, na ndiyo maana tangu siku ile nawaambia kazi zimenibana. Hazikunibana. Mtu mzima mimi, napamba harusi za watu, na sijawahi kupiga hodi kwa baba yangu hata siku moja, maana anayebebwa hapigi hodi. Anatuliwa tu.

Nitakuja na keki nimeipakata. Ngazi za mlangoni zikibaki kama zilivyo, basi njooni nyinyi huku. Sibebwi tena.

Mwanao,
Chiriku

15 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Goti la Mama limeamka vizuri, lilimpeleka sokoni na kumrudisha. Mimi mzima, nalalamika kidogo tu ili nisisahaulike.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini. Kile kilio cha chumbani sikukijua, na kimeniuma. Nikachukua mwiko nikatoka. Hivi umesahau baba yako ni mwashi? Nimejengea watu mpaka nywele zikawa rangi ya saruji, nije nishindwe na ngazi zangu mwenyewe? Adhuhuri haijafika, nilikuwa nimeshamimina mteremko juu ya ngazi zote, zege safi, mwiko umepita vizuri. Ulipokauka nikapandisha toroli limejaa mchanga, likaenda moja kwa moja mpaka mlangoni. Mama yako alikuwa dirishani ananitazama, anatikisa kichwa. Nahisi ni wivu.

Kwa hiyo njoo, mwanangu. Njia ipo.

Baba yako

24 Februari

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kazi. Nimefurahi mpaka nimeharibu keki ya mtu, nimeandika jina la bibi harusi mara mbili na bwana harusi hayumo.

Lakini nina swali, usinune. Toroli lilipokuwa linapanda, nani alikuwa nyuma yake? Ni wewe, Baba, na mikono yako hiyo. Nyuma yangu mimi hakuna mtu, na simtaki. Huo ni mteremko wa saiti, wa kupandishia matoroli ya ujenzi. Umeujenga maisha yako yote, mkono umeuzoea, unaumimina hata bila kufikiri. Mtu aliyekaa, anayejisukuma mwenyewe, anataka njia iliyolala. Ikipanda shibiri moja, iwe imekwenda mbele shibiri kumi na mbili.

Usiniamini mimi. Zahanati hapo wana kiti. Kiazime, ukae, upande peke yako, na mapajani uweke beseni la maji. Hilo beseni ndiyo keki yangu.

Mwanao anayekupenda,
Chiriku

27 Machi

Chiriku,

Marahaba. Tu wazima, ingawa mmoja wetu siku hizi anakaa upande mmoja.

Kimya changu umekiona. Nilinuna, tusifichane. Fundi mzima kufundishwa mteremko na mpamba keki! Kiti cha zahanati nikakiazima ili nikuonyeshe. Nikakaa, nikapakata beseni, nikasukuma. Katikati mikono ikaniishia. Kiti hakikuniuliza, kilirudi nyuma na mimi, na beseni, na heshima yangu yote, mpaka kwenye nguo alizokuwa anafua Mama yako. Alicheka mpaka akakaa kwenye maji. Alipopata pumzi akasema alijua tangu siku ya toroli. Kumbe haukuwa wivu.

Nilibaki pale chini kidogo naangalia mlango wetu. Mlango ule niliujenga mwenyewe, na sikuwahi kuuona kutoka hapo. Uko mbali, mwanangu. Nilisikitika sana.

Nikachukua nyundo kubwa nikauvunja mteremko wote. Mpya unaanzia getini, unapita chini ya dirisha la jikoni, unakata kona kwenye tuta la mboga za Mama, ndipo uje mlangoni. Tuta niliogopa kuliomba. Nilipotoka nje nikamkuta Mama ameshang'oa mboga, ananiuliza nangoja nini. Nikajaribu tena na beseni, maji yakamwagika kwenye kona. Nikaivunja kona, nikaipanua, kiti kipate pa kugeukia na mtu pa kupumzikia. Sasa maji yanacheza bila kumwagika. Nimepanda na kushuka mpaka watu wa zahanati wamekuja kuuliza kama kiti chao nimekioa.

Tatizo limebaki moja. Yule bibi jirani mwenye mkongojo, aliyeacha kuja kwetu tangu magoti yake yagombane na ngazi, sasa anapanda kila asubuhi polepole na hashuki mpaka chai iishe. Muuza maji naye anafikisha mkokoteni mlangoni. Nyumba imekuwa stesheni, na Mama yako anaringa kama yeye ndiye aliyejenga.

Baba yako

9 Aprili

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi mzima, nina haraka, keki iko kwenye oveni.

Nafika Jumamosi alasiri. Nawaomba kitu kimoja: asitoke mtu nje. Hata nikichelewa kwenye kona, hata mkisikia nahema. Kaeni ndani mnisubiri kama watu wenye mgeni.

Mwanenu,
Chiriku

2 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Umefika salama? Mikono haikuumi? Sisi wazima. Mama anakula vipande vya mwisho vya keki yako kwa siri, na mimi najifanya sioni.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa, kwa sababu nyote mlikuwa mnanicheka.

Siku ile nilikaa kwenye kiti changu nimevaa shati la kutokea. Nikasikia teksi getini. Kisha magurudumu yako, chini ya dirisha la jikoni, halafu kwenye kona yakasimama. Mama akainuka. Nikamshika nguo, nikamwambia kaa. Akakaa, machozi yanamtoka, mimi naangalia ukuta. Tukakusikia unahema. Ukapumzika, ukaja. Ukagonga mlango, ukasema hodi.

Mwanangu, kile kijineno "karibu" nilikifanyia mazoezi wiki nzima bafuni. Nikafungua mdomo, hakikutoka. Na kabla sijakohoa, bibi jirani, kikombe mkononi, akaita: "Karibu, pita ndani, nani mwenzetu?" Katika nyumba yangu. Ukaingia unacheka, keki haina hata mkwaruzo, ukanikuta nimekaa nalia kama mtoto, ukafikiri naumwa jino.

Sasa hesabu yangu ni hii: hodi yako umeshaipiga, lakini karibu yangu bado ninayo, haijatumika. Muulize bosi wako likizo nyingine ni lini. Bibi nimeshamwambia kwamba siku hiyo chai yake ataipata akinyamaza. Sitatoka nje, wala Mama hatatoka. Nitakuwa palepale kwenye kiti, na shati lile lile. Njoo upige hodi.

Baba yako