Mkwe Ndani ya Basi la Suma

Jumanne, 8 Juni 1993
Mvua asubuhi, mvua mchana. Nimekunywa chai, nimekata majani ya ng'ombe, nimemtukana jogoo wa jirani. Nyumba ya Ambakisye bado imefungwa. Mkewe kaondoka wiki iliyopita na mjukuu wangu Tusekile, kaenda kwa wazazi wake Suma. Sababu ni huyo mwanangu mpumbavu, kapata mwanamke Kiwira. Kesho napanda basi kwenda kumrudisha mama Tusekile. Nitamrudishaje mtu ambaye sina ruhusa hata ya kumtazama? Sijui. Nitajua huko huko.

Jumatano, 9 Juni
Basi la tajiri mmoja wa Bulyaga, hapa Tukuyu. Wanaliita jipya. Ubavuni lina maandishi ya nchi lilikotoka, hata walimu hawayasomi. Zamani tulingoja lori la ushirika mpaka ndevu zikaota. Sasa kila kitu ruksa, mwenye magurudumu anabeba watu. Nilikaa dirishani. Chai, migomba, ukungu, chai tena. Mama mmoja alikuwa anasali kila kona. Nikamwambia kona mbaya bado. Akaongeza sauti.

Suma, baba wa mama Tusekile kanipokea vizuri. Maziwa ya mgando na ndizi. Mama Tusekile sikumwona wala sikutegemea. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hataji jina lake, hakai naye chini ya paa moja. Nilipotokea tu akakimbilia migombani. Miaka yote aliyoolewa kwangu namjua kwa kisogo.

Baba yake kasema wazi: Jumamosi binti anakwenda Chunya kwa kaka yake, kwenye dhahabu. Na mtoto wake. Watu wakienda Chunya siwaoni wakirudi. Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo, nimeogopa.

Alhamisi, 10 Juni
Kiwira, kwa basi. Ambakisye anauza mitumba. Kavaa koti la kike la Ulaya na hajui. Sikumwambia. Nilimwambia habari ya Chunya.
"Baba, wewe kaa nyumbani ule ndizi zako. Akitaka kwenda, aende."
Huyo mwanamke wake kanikaribisha ndani, kakaa mbele yangu, kanitazama machoni na kuniita kwa jina. Mkate nimeuacha mezani. Nimerudi na hasira.

Ijumaa, 11 Juni
Goti limevimba. Sikwenda popote.

Jumamosi, 12 Juni
Nilipanda basi la kwanza kwenda Suma. Mvua. Tulipofika, kupitia dirishani nikamwona mama Tusekile, kasimama kituoni na furushi, kamshika Tusekile mkono. Alikuwa anangoja basi hili hili ligeuze limfikishe Tukuyu, apate la Mbeya. Abiria wote wakashuka. Mimi sikushuka.

Watu wakaanza kupanda. Akaweka mguu mlangoni, akaniona, akaruka chini kama kakanyaga siafu.
Kondakta ni mtu wa Tanga, hajui mambo yetu. "Mama, panda! Tunaondoka!"
Wanawake wakamwambia, "Mkwewe yumo."
"Sasa mzee, shuka basi."
"Nishuke na goti hili? Mimi ndiye niliyetangulia."
"Basi yeye apande!"
Wanawake wakamcheka mpaka akaona haya. Mvua ikazidi. Bibi mmoja mwenye kuku akachoka na wote, akavua khanga, akaomba ya mwenzake. Wakazifunga toka bomba la juu mpaka kwenye kiti. Mimi mbele, mkwe nyuma ya pazia. Akapanda na uso kaufunika.
Kondakta akasema, "Njia ya Arusha nimefanya kazi. Basi lenye chumba cha kulala sijapata kuona."

Tukaenda. Basi zima wananingoja mimi. Wanafiki. Kusema naye siwezi. Nikamgeukia kuku wa yule bibi.
"Kuku, nasikia unakwenda Chunya."
Bibi akasema, "Wangu haelewi Kiswahili."
Nikaanza upya kwa Kinyakyusa. Nikamwambia kuku, arudi nyumbani.
Kisha sauti nyuma ya pazia. Sauti yake sikuwa naijua. Nene, ya mtu mkubwa.
"Bibi, muulizeni huyo kuku. Akirudi, anarudi kwa nani? Kwa jogoo wa Kiwira?"

Nilikuwa nimejiandaa kumtetea mwanangu. Jogoo wa Kiwira hana la kutetewa. Nikatazama nje, chai na chai. Nikasema:
"Kuku, ile nyumba nimeiezeka mimi. Migomba ile nimeipanda mimi. Rudi kwenye migomba yako na mtoto wako. Jogoo akija atalala kwangu, na mimi nakoroma."
Basi zima likacheka, hata dereva.

Stendi ya Tukuyu niligeuzia uso kwenye kioo mpaka ashuke. Nikakaa tena kidogo. Nilipomuuliza kondakta kaelekea wapi, akasema la Mbeya limeshaondoka, na nani kapanda hakuangalia.
Nyumba yao imefungwa. Nimelala njaa, sikutaka kupika.

Jumapili, 13 Juni
Sikwenda kanisani. Waliokwenda wanasema habari ya kuku ilimfikia mchungaji kabla ya mahubiri. Mlango bado umefungwa. Kaenda Chunya. Nimefanya nilichoweza, na hakikutosha. Nimemtukana jogoo wa jirani, hakuna ladha.

Jumatatu, 14 Juni
Moshi kwenye ile nyumba. Kumbe Jumamosi mama Tusekile aligeuza na basi lile lile kurudi Suma kuchukua vyungu na jembe lake.
Majani ya ng'ombe nimekatia upande wa mtoni, nisimkimbize kwenye kazi zake.
Mchana Tusekile kaniletea bakuli la ndizi na maharage, kaliweka mlangoni, kakimbia. Chumvi imezidi sana. Wa kumwambia sina. Nimekula zote.