Mwenye kuniuzia kachasu

Alhamisi, mwezi wa saba 2012, kambi ya bakimbizi ya Dzaleka

Sitarudia kule. Dada yangu alisema hatanirudishia batoto mpaka niache pombe, njo maana nilienda Area 25, kule mujini, kwa kikundi cha bantu benye banaacha kunywa. Nikakuta kiongozi ni Papa Bahati, ule aliniuzia kachasu, ile pombe kali ya kupika nyumbani, hapa kambini miaka mitatu.

"Karibu, dada. Sema jina yako."

"Unaijua," nikamwambia. "Ulikuwa unaniita kila asubuhi."

Akainamisha kichwa.

"Njo kweli. Nilikuuzia sumu. Na mi nilikuwa naikunywa."

Namchukia. Nilikaa mpaka mwisho kwa hasira tu. Leo sikunywa, na hiyo pia inaniuma, maana imetoka kwake.