Kiti cha Tatu na Skrini Inayocheza

Tarehe 4 Mei

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nimenenepa, na mashavu yangu ungeyaona ungeona wivu. Mgongo wako vipi? Bado unaukalia ule mto wa ofisini au umeshaupasua? Nakuandikia kwa mkono kama ulivyotaka, eti mwandiko wangu usiote kutu, wakati wewe mwenyewe ni karani unayepiga chapa kwenye kompyuta tangu sijazaliwa.

Mkataba wetu naukumbuka, usinikumbushe. Mwisho wa Juni nikiwa sina kiti changu hapa saluni, Julai narudi kidato cha tatu na kaptura yangu. Nikikipata, hutanitajia tena neno shule mpaka uzeeke, na uzee wako hauko mbali.

Viti hapa ni vitatu. Kimoja cha Bosi, cha pili cha kinyozi mwenzake tunayemwita Babu Poda, cha tatu kimefunikwa shuka, kinamngoja mwanaume. Sharti la Bosi ni hili: "Wakiingia watu kumi, kila mmoja kwa hiari yake akataka kunyolewa na wewe, kiti chukua." Kumi tu! Mpaka leo wameniulizia wawili, na Bosi amemkataa mmoja kwa sababu alikuwa anamtafuta fundi viatu.

Sasa sikia. Jumamosi alikuja mwanafunzi mmoja wa chuo na kompyuta yake ya kubeba. Alipofungulia wimbo, skrini nzima ikawaka! Ngoma ikilia duara linavimba, gitaa likipita mistari inakimbia kama imefukuzwa. Anasema ni plagini, kiprogramu kidogo unachokipachika kwenye programu ya kuchezea muziki, kinasikiliza wimbo na kuuchora. Akanipa kwenye flashi. Sisi tuna kompyuta ya mezani hapa, Bosi anaitumia kwa nyimbo tu. Nimeinakili humo, nimeibofya mara arobaini. Wimbo unalia, skrini imenuna. Nimebofya mpaka Babu Poda akaniuliza, "Dogo, unatwanga nini hapo?"

Si kwamba nimeshindwa. Nakupa wewe nafasi ya kuonyesha ujuzi. Jibu upesi. Dereva wa gari la mikate anapita Jumanne na Ijumaa, barua mpe yeye.

Mwanao,
kinyozi mkubwa wa kesho

*

Tarehe 8 Mei

Mwanangu mwenye mashavu,

Marahaba. Mgongo wangu unaendelea vizuri kuliko hesabu zako zilivyowahi kuendelea. Huku wote wazima. Jirani ameuliza yule mtoto mwenye kelele anarudi lini, nikamwambia Julai.

Barua yako nimeisomea ofisini, nimecheka mpaka mkuu wangu akatoka kuangalia kuna nini. Mara arobaini! Umepewa mzigo uliofungwa kamba, wewe unaupiga ngumi. Haya, soma polepole, weka kidole kwenye mstari.

Faili la namna hiyo huja limebanwa. Bofya kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua kulifungua, utapata folda yenye mafaili ndani. Usiyaache yamezagaa kwenye uso wa kompyuta kama nguo zako sakafuni. Itafute folda ya ile programu ya muziki, na ndani yake utakuta folda nyingine ya plagini. Humo ndimo kwao. Plagini ikilala nje, programu haiijui hata ukiibembeleza. Halafu ifunge programu kabisa, uifungue upya, maana watoto wake huwahesabu anapoamka tu. Nenda kwenye mapendeleo, yaani mipangilio yake, tafuta sehemu ya taswira, utaikuta imeorodheshwa. Ichague, iwashe, weka wimbo.

Ila kuna faili moja la maandishi, limejaa namba. Mchoro wenyewe umeandikwa humo. Hilo usiliguse kabisa. Si la mtu aliyekimbia hesabu kidato cha pili.

Kula vizuri, na ukinyoa watu osha mikono.

Shangazi yako

*

Tarehe 29 Mei

Shangazi wee!

Shikamoo, hujambo, mgongo, jirani, haya tumemaliza. IMEWAKA!

Mara ya kwanza niliiweka folda ndani ya folda ndani ya folda, programu ikaitafuta ikachoka. Nikarudia. Skrini ikawa nyeusi tii, ikatoa nukta moja ya bluu, ikatulia. Nikajisemea basi, nimeua kompyuta ya Bosi, ngoja nianze kutafuta njia ya kutokea. Mara ngoma ikaingia. Duu! Ile nukta ilipasuka ikawa maua, maua yakawa moshi, moshi ukawa sijui nini lakini wa zambarau! Babu Poda aliangusha kopo la poda likamwagikia viatu vyake, hakuinama. Alisimama tu anasema, "Rudia. Hebu rudia hapo."

Skrini nimeiweka dirishani, mshazari, upande wa kulia wa kiti cha Babu Poda ninachoazimwa, aliyekaa aione na wanaopita barabarani waione. Wanasimama! Mama mmoja ana mtoto ambaye akiona mashine ya kunyolea huwa analia mpaka mtaa wa pili. Safari hii alikodoa macho, nikamnyoa hadi nikamaliza, akakataa kuondoka. Sasa mtaani wananiita Rangi. Mtu anachungulia mlangoni, "Rangi yupo?" Bosi anajibu, "Hapa ni saluni au sinema?" lakini anawahesabu. Nimefika saba, Shangazi. Saba! Anza kuzoea kunyamaza kuhusu shule.

Na lile faili ulilosema nisiliguse, nililigusa mchana uleule. Kuna mahali pameandikwa mwendo, 0.5. Nikaweka 5, skrini ikawa kama imelewa, mteja mmoja akasema anasikia kichefuchefu. Nikaweka 0.7, ikawa tamu. Kuna namba ya wekundu, kuna namba ya kufifia, zote nimezijua kwa kuzichokonoa. Zilizonishinda ni vineno vya herufi tatutatu, sin na cos. Nilivifuta kuona itakuwaje. Mawimbi yote yakalala chali. Nikavirudisha mbio kabla Bosi hajageuka. Hivyo ni vidudu gani?

Mwanao,
Rangi (ndiyo, ni jina langu)

*

Tarehe 2 Juni

Rangi wangu,

Marahaba, na hongera. Nimewasomea wenzangu ofisini, mmoja anataka kuja kunyolewa na hana hata nywele.

Kuhusu lile faili, nilijua utaligusa. Ningekwambia liguse, ungelikimbia.

Hivyo vidudu ni hesabu za pembe. Ndivyo vinavyofanya kitu kiende na kurudi, kiinuke na kushuka bila kuchoka. Nilisoma zamani, nimesahau nusu, na kwa barua sitaviweza.

Lakini kuna jambo limeninyima raha. Unasema skrini iko dirishani, upande wa kulia. Mteja anakaa ametazama mbele, kwenye kioo. Muziki ukipamba moto, shingo ya mteja inakwenda wapi? Na mashine yako wakati huo iko wapi? Ihamishe skrini leo. Usingoje kesho.

Shangazi yako

*

Tarehe 21 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Afya yangu nzuri, nashukuru, ila sitaki kuizungumzia.

Barua yako ya tarehe 2 imefika leo asubuhi. Gari la mikate lilivunjika ekseli, likalala gereji zaidi ya wiki mbili, na barua yako ndani, chini ya kreti. Ingefika kwa wakati, sasa hivi ningekuwa nakuandikia nimekaa kwenye kiti changu.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa na tisa. Akaingia bwana harusi, na mpambe wake nyuma.

"Rangi ni nani hapa?"

"Mimi, kaka."

"Wewe? Nilidhani ni mtu mzima."

Mpambe akaninyooshea kidole. "Dogo, leo si siku ya kujifunzia. Saa nane anaoa."

"Kaa, kaka," nikamwambia, "nikutoe uzuri mpaka bibi harusi aombe ndoa mara mbili." Unanijua mdomo wangu.

Upande wa kushoto nilimaliza, safi, hata Babu Poda alitikisa kichwa kwa kukubali. Nikahamia kulia, nyuma ya sikio. Wimbo ukafika pale ngoma inaponyamaza kisha inaanguka yote kwa pamoja. Skrini ikalipuka nyekundu na dhahabu, mpambe akapiga kelele, "Cheki ile!" Bwana harusi akageuka. Mashine yangu haikugeuka. Ilipanda kutoka sikioni hadi utosini.

Barabara, Shangazi. Ya lami. Ilibaki kuweka taa tu.

Muziki bado unalia. Mlango wa uani ulikuwa wazi, nikauona. Sijui kwa nini sikuutumia. Nikamwambia, "Kaka, nimekuharibu." Bosi akazima muziki, akanipokonya mashine, akamnyoa kipara, kichwa kizima. Bwana harusi akajitazama, akauliza, "Atanijua kweli?"

Bosi akaniambia, "Nenda naye ukajieleze mwenyewe."

Nikaenda. Bibi harusi alikuwa anapambwa. Akamtazama mchumba wake, akanitazama mimi, akampapasa kichwa kama anachagua tikiti sokoni. Halafu akacheka mpaka machozi, wanja ukashuka, ikabidi wampake upya. Kwa hiyo ameoa, usihofu.

Lakini niliporudi Bosi aliniuliza, "Kichwa kile amekimaliza nani?"

"Wewe."

"Basi ni mteja wangu. Una tisa."

Akachomoa waya wa skrini. Tangu siku hiyo anayechungulia mlangoni anachungulia ili acheke. Piga pasi kaptura. Kiunoni ilegeze, nimekwambia nimenenepa.

Mwanao

*

Tarehe 23 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sikukucheka. Kidogo tu, pale kwenye tikiti.

Mlango ulikuwa wazi na hukutoka. Hapo nimepasoma mara tatu, na jioni nimemsomea baba yako.

Kaptura sijaipiga pasi. Mkataba unasema mwisho wa Juni na leo ni tarehe 23. Nani amekwambia siku hizi zilizobaki uzitupe? Sitaki kukushinda kwa sababu tu umekaa chini na kukata tamaa.

Shangazi yako

*

Tarehe 30 Juni

Shangazi, Shangazi, Shangazi,

Shikamoo na uketi kwanza, mgongo usije ukakatika kwa habari hizi.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nikamwendea Bosi. "Nipe saa moja na skrini. Nikiharibu, nifagie nywele mwaka mzima." Akasema, "Kufagia ni kazi yako hata usipoharibu." Lakini akanirudishia waya.

Nikaitoa skrini dirishani, nikaipandisha kwenye rafu ya taulo, ukuta wa nyuma, inatazama kioo. Umenielewa? Mteja akikaa anatazama mbele, kwenye kioo, na rangi zote anaziona humo, zinacheza juu ya kichwa chake mwenyewe. Akigeuka tu, zimempotea! Sasa hata wateja wa Bosi hawageuki. Wanakaa kama wanapigwa picha ya pasipoti.

Babu Poda akajaribu kukaa, akasema, "Mbona jina la wimbo limeandikwa kinyumenyume?" Kweli. Plagini inaandika jina la wimbo katikati, na kioo kinaligeuza. Nikafungua lile faili. Nikakuta upana wa maandishi, 1. Nikaweka 2, yakanenepa kama mimi. Nikaweka 0, yakatoweka. Nikakaa hapo naumwa kichwa, nashuka: chini ya sifuri kuna nini? Nikaweka hasi moja.

Yakageuka! Shangazi, yakageuka, na kwenye kioo yakasomeka sawasawa! Hasi! Ile hasi iliyonitoa jasho darasani, kumbe kazi yake ni kugeuza kitu upande wa pili! Mbona hakuna aliyeniambia hivyo? Nilipiga kelele hadi mteja wa Bosi akashika masikio.

Jumamosi hakuja mtu wa kuniulizia. Jumapili hakuja. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, wapi. Leo saa nne akaingia yule mpambe, peke yake.

Bosi akamwonyesha kiti chake. "Karibu hapa, bwana."

"Hapana. Mimi ndiye niliyepiga kelele siku ile. Namtaka Rangi."

Akakaa ameshika mikono ya kiti kama anang'olewa jino. Ngoma ilipoanguka nilimwona kwenye kioo, macho yametoka, kichwa hakikutikisika hata unywele. Nimemnyoa kama nachora. Bosi akaja akazunguka kile kichwa mara mbili akitafuta kosa, akakosa, akaenda akalivuta shuka kwenye kiti cha tatu. Hakusema hongera. Alisema, "Mguu mmoja umelegea, utaukaza mwenyewe."

Kwa hiyo nimeshinda. Liandike hilo mahali, upige na mhuri.

Sasa nakuambia neno, na usipige vigelegele ofisini. Jumatatu naanza kidato cha tatu. Si kwa mkataba, mkataba nimekugaragaza. Ni zile sin na cos. Yule mwanafunzi wa chuo alipita juzi nikamuuliza, akanichorea kwenye mvuke wa kioo, nikaelewa nusu, nusu ikakauka. Namba za mtu nimezibadilisha hadi zimekwisha. Nataka kuchora yangu, kuanzia mstari wa kwanza, na bila hivyo vidudu mawimbi yanalala chali.

Nilipomwambia Bosi, alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nikamwambia kiti nitakikalia Jumamosi na likizo, nauli yangu ni kusaidia kushusha kreti za mikate. Halafu akaomba kalamu nene, akaandika kwenye karatasi, na herufi zake mbaya kuliko zangu: MWENYE KITI YUKO SHULE. ANARUDI JUMAMOSI.

Ameibandika katikati ya kioo, Shangazi, mbele ya wateja wote. Sasa hata nikitaka kutoroka, nitatorokea wapi?

Mwanao,
Rangi