Nyuzi Tatu

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumanne asubuhi, tarehe 9 Juni

Mpendwa mwanangu Tambi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Hujambo, baba? Umelalaje, umeamkaje, unakula? Mkwe wangu hajambo? Huku tu wazima wote, hakuna aliyelala kitandani, ila mimi na roho yangu, na habari za roho yangu utazisoma huko mbele.

Baba yako anakusalimu. Bado anachomelea mageti ya watu. Jicho la kushoto linamwasha lakini miwani hataki, anasema atafanana na mwalimu mkuu. Bibi yako anakusalimu sana. Masikio yamepungua ila mdomo uko palepale. Juzi kaniuliza, "Huyo Tambi amenenepa au bado upepo unamvusha barabara?" Nikamwambia kanenepa. Akasema, "Mwongo mkubwa wewe, ukoo huu haunenepi." Mdogo wako Chiriku anakusalimu, kazi ya duka la dawa anaendelea nayo na kuongea anaendelea nako. Hata yule paka wa mkia uliokatika bado yupo, analala juu ya viraka vyangu na kuniachia manyoya kwenye suti za watu.

Utashangaa mwandiko. Siku zote Chiriku ndiye anayebonyeza simu, mimi nasema tu. Barua hii naiandika mwenyewe, kwa mkono ulioishia darasa la nne, na mlango nimeutia komeo. Nimewaambia nina gauni la bibi harusi lisilotaka kelele. Usizicheke herufi. Palipokatwa ni nilipokosea, na hilo doa ni chai.

Mwanangu, nimekukumbuka. Miaka sita nakuona kwenye kioo cha simu ya Chiriku tu, kichwa na mabega, kama picha ya kitambulisho. Vipimo vyako bado viko ukutani, pale nilipoviandika kwa penseli nilipokushonea suruali ya safari: kifua, bega, kiuno, mguu. Ukuta umepakwa rangi mara mbili tangu uondoke, na mara zote mbili nimemsimamia fundi rangi apazunguke. Pamebaki kidirisha cha rangi ya zamani. Wateja wakiuliza vipimo hivyo ni vya nani, nawaambia ni vya mtu anayekuja kuchukua nguo yake.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Wiki mbili zilizopita ulinipigia, ukawa unakohoakohoa, nikajua hapa kuna neno la aibu. Ukaniambia umegusa kinundu ukiwa unaoga, kwenye korodani. Neno hilo ni mara yangu ya kwanza kuliandika, na nimegeuka kutazama mlango. Ukasema ni kidogo, hakifiki punje ya njegere, hakiumi. Damu waliyopima haikuonyesha saratani, lakini damu peke yake haitoshi kusema. Na kwa kuwa unalo hilo moja tu, daktari wa upasuaji hapendi kuliondoa lote akiweza kuepuka. Atakitoa kinundu peke yake, maabara wakitazame kwa darubini wewe ukiwa bado umelala mezani. Kikiwa si kibaya, anashona, unabaki na lako. Kikiwa kibaya, atafanya mtakalokuwa mmekubaliana kabla hujalala.

Nililielewa hilo upesi kuliko ulivyodhani. Mimi ni mtu wa mkasi. Nimeletewa koti lenye tundu la sigara kifuani, na koti sikulitupa.

Halafu ukasema, "Mama, daktari anataka kujua lile jingine lilikwenda wapi."

Nikakujibu, "Ulizaliwa hivyo, mwanangu."

"Na hili kovu?"

"Ngiri hiyo. Ulipasuliwa ngiri ukiwa mdogo." Kisha nikakuuliza kama huko kuna baridi.

Jumapili ukapiga tena. Daktari aliposikia umezaliwa hivyo, amesema basi huenda lile jingine halikushuka, limejificha tumboni, na lililojificha ndilo la kuogopwa zaidi. Watalitafuta kwa picha, wasipoliona wataingiza kamera. Na hata hilo ulilonalo sasa analitilia mashaka, kulibakiza hana tena uhakika nako. Ulipokata nilibaki na simu sikioni. Watu wanataka kutafuta tumboni mwa mwanangu kitu ambacho mimi najua hakimo.

Tambi, hukuzaliwa hivyo. Ulizaliwa kamili. Mkunga alikugeuza huku na huku akasema, "Haya mama, dume hili, halijapungua kitu," nami nikahesabu vidole kwa raha zangu.

Ulikuwa na miaka minne na nusu. Chekechea ulikuwa huipendi kwa sababu ya yule mwalimu wa kucha ndefu. Wiki ile Jumatatu uliumwa tumbo, Jumanne ukaumwa tumbo, na mara zote mbili lilipona gari la shule lilipopita tu. Jumatano ukaamka unalia, umejikunja, umeshika tumbo. Mimi nilikuwa na sare arobaini za kwaya za kumaliza. Nikakwambia, "Leo hunipati, bwana mdogo." Nikakuvisha viatu kwa mkono wangu huu. Ulitapika mlangoni, nikasema ni chai ya harakaharaka.

Saa nne mwalimu alikurudisha, amekubeba mgongoni. Nikakulaza chini ya meza ya cherehani juu ya mabaki ya vitambaa, nikapasha kitambaa kwa pasi, nikakuwekea tumboni, nikaendelea kushona. Wewe ulikuwa umenishika mguu. Kila nilipokanyaga pedali ulikuwa unapanda na kushuka nao. Sikukuvua suruali. Ningekuvua tu ningeona. Nimeshona suruali za wanaume wa mtaa mzima, na siku ile sikuvua ya mwanangu.

Nilipokuogesha Alhamisi mchana ndipo nilipoona pamevimba, pamekuwa pekundu na weusi juu yake. Nilikimbia nawe bila viatu. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Akanieleza kwamba mshipa ulijisokota, damu ikakosa njia, na jambo hilo huhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Watoto wa umri ule husema tumbo, ndiyo maana huwa wanavuliwa nguo. Akaniuliza, "Mama, mbona jana hukuja?" Hakuuliza kwa ukali. Angekuwa mkali ningekuwa nimeshapona.

Walilitoa. Lilikuwa limeshakufa.

Sasa hapa soma polepole, tena umsomee daktari wako. Lile la pili, hilo ulilonalo, yule mama daktari alilifungua nalo siku hiyohiyo akalishikiza ndani lisije na lenyewe likajisokota. Nilimuuliza, "Umelishikiza kwa nyuzi ngapi?" Akanitazama kama anashangaa, akasema tatu. Nikauliza ni uzi wa kuyeyuka au wa kubaki. Akasema wa kubaki. Kwa hiyo mwanangu, zimo. Nyuzi tatu. Daktari wako akifika huko asije akashtuka kukuta kazi ya mtu mwingine, na nyama imeshikana.

Nimewaza mengi. Nimewaza kwamba hicho kinundu ni fundo la uzi tu, limejifunika. Nawaza hivyo nikiwa napiga pasi, kisha najikataza, maana mimi si daktari na kutamani hakumponyi mtu. Yule wa darubini ndiye atakayesema. Akisema ni kibaya na hilo linatakiwa kuondolewa lote, kubali, baba. Usiache kitu kibaya mwilini kwa sababu mama yako anatamani mjukuu. Natamani, sikatai. Hata kofia ndogo nimeshashona, imo kabatini. Lakini ninayekutaka kwanza ni wewe. Na kama kuna namna ya kuwawekea akiba ya uzazi, mbegu zihifadhiwe, kabla hamjaingia chumba cha upasuaji, waulizeni, wewe na mkeo. Chiriku alisema dukani kwao kuna mtu alifanya hivyo. Hakujua kwa nini niliacha kushona nikamsikiliza.

Karatasi ya hospitali ya siku ile nimeikunja humu ndani. Imekaa miaka ishirini na saba kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Mwandiko wenyewe ni wa kidaktari, mimi nilikuwa nasoma jina lako na tarehe tu, kisha nairudisha.

Baba yako wakati ule alikuwa mbali, kwenye mkataba wa kuchomelea matangi. Aliporudi nilimwambia ngiri. Nilipokwisha kusema kwake, ikabidi niseme na kwa bibi, kisha na kwako ulipokua ukauliza. Jana nilimwambia baba yako kweli. Aliweka kikombe chini, akasema, "Kumbe ndiyo sababu hukuwahi kumchapa yule mtoto." Akatoka. Nikadhani ndiyo basi. Akarudi na bahasha na kalamu mpya, akasema, "Mwandikie. Usimpigie. Kwenye simu utamuuliza baridi."

Msamaha sikuombi leo. Hiyo ni kazi nyingine, nawe una kazi ya kupona. Uje uniulize ukiwa umekaa kwenye hiki kiti, nitakujibu kila kitu.

Mtu wa vifurushi amesema siku nane. Upasuaji ni tarehe thelathini, kwa hiyo itawahi. Chiriku nitamwambia akutumie meseji kwamba barua iko njiani, na usikubali kufanyiwa lolote na daktari kabla hujaisoma.

Msalimie sana mkwe wangu. Mwambie asilie mbele yako, alie bafuni kama mimi. Baba yako, bibi yako na Chiriku wote wanasema upone, ingawa wawili hao wa mwisho wanajua tu kwamba una mafua. Mungu akushike mkono usiku na mchana, amshike na huyo daktari vidole, wala visitetemeke.

Jambo la mwisho. Nakushonea suruali mbili za kulalia, za pamba laini, za kamba, maana ulisema watapasua kwenye kinena na mpira wa kiunoni utakukera. Miguu nimefuata ukuta. Kiuno nimeshindwa. Kila nikiweka mkasi nakumbuka kwamba hiki ni kiuno cha miaka sita iliyopita, na sijui mwanangu ana kiuno gani sasa. Mkeo akupime kwa utepe, akupime ukiwa umeshiba. Niandikie kipimo hicho, na alichosema daktari baada ya kusoma karatasi. Upesi, baba, hata kama ni mistari miwili. Suruali iko kwenye cherehani, sindano imesimama, na siwezi kuendelea bila wewe.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda kuliko ninavyojua kuandika.