Mazut Haikutoroka

Kalemie, tarehe 9 Oktoba 1983

Papa yangu mpendwa Symphorien, huko Mpala,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na Mama Adolphine. Mgongo wako unaendeleaje? Na kikohozi cha Mama, kimepungua? Sisi huku tu wazima, watoto wanakula vizuri, na mke wangu Julienne anawasalimu. Nisiyetulia ni mimi tu. Barua hii nimeianza mara nne na mara nne nimeichana, hata Julienne ameuliza kama nataka kumaliza daftari zote za watoto.

Papa, aliyekuletea barua hii umekwisha kumwona mlangoni. Najua kwa miaka minne hutaki hata jina la Papa Gérard litajwe nyumbani kwako. Nakuomba kitu kimoja: usimfukuze kabla hujafika mwisho. Ukifika, fanya unavyoona.

Nianze na habari za kiwanda chetu cha sabuni. Ile shodiere yako, tangi la kuchemshia maji, uliyoilisha mafuta ya mazut miaka kumi na minane ili mvuke wake upike sabuni, bado ipo na bado inanguruma. Lakini mazut imekuwa adimu. Mabehewa kutoka Kabalo yanakawia, na mwezi wa sita kiwanda kililala siku tisa. Basi patron mwenye kiwanda alimleta enjenia kutoka Lubumbashi, anaitwa Jérôme, atafute moto wetu unapotelea wapi, ili sabuni ileile ipikwe kwa mazut kidogo. Mimi kwa kuwa ni karani nikaambiwa nimfuate na daftari.

Mtu yule ana vituko! Siku ya kwanza hakufungua mashine hata moja. Alitembea tu, akipitisha mkono karibu na mabomba, na palipomchoma alisema niandike. Mabomba yote yalikuwa uchi, yakipasha hewa joto bure. Siku ya tatu akauliza kwa nini akina mama wamejaa nyuma ya depo. Nikamweleza, bila hata kufikiri, kwamba mfereji wa pale una maji ya moto, na mihogo inalainika kwa siku mbili badala ya nne. Mtaa mzima unajua. Hata Mama Adolphine alikuwa akiiloweka pale. Enjenia akanitazama, kisha akauliza maji hayo yanapashwa moto na nani. Papa, miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

Tulichimba. Bomba kubwa linalopita chini ya depo lilikuwa na tundu la kuingiza vidole vitatu. Mvuke wako, ambao kila wiki uliulizwa unakwenda wapi, ulikuwa unakwenda kwenye mihogo. Ile mazut waliyosema unaiuza, tuliila sisi sote ndani ya bukari, ugali wetu wa mihogo.

Bomba limebadilishwa. Mengine tumeyavika udongo uliochanganywa na pumba za mpunga, tukayafunga magunia juu. Shodiere ilikuwa inakunywa mapipa tisa kwa wiki, leo inakunywa sita. Akina mama wamenuna, wanasema enjenia ameharibu mihogo yao. Patron anacheka siku nzima, kila mtu ananipa mkono, nami natamani kujificha.

Sababu ni neno moja. Siku tuliyochimba, enjenia aliniambia niandike kwa Kifaransa: fuite. Nikamuuliza ni nani aliyetoroka. Alicheka mpaka akaketi juu ya pipa, akaniambia, “Hapana, Citoyen, fuite njo kuvuya. Bomba inavuya, hakuna muntu anatoroka.” Mimi sikucheka.

Unaikumbuka karatasi ya mwaka wa 79 iliyobandikwa getini. Mkaguzi mmoja alipita, akaacha mistari miwili ya Kifaransa, na patron alikuwa likizoni Ulaya. Karatasi ilisema kwa Kiswahili: Mazut inatoroshwa katika nyumba ya moto. Wachungwe. Na katika nyumba ya moto ulikuwa wewe peke yako. Sokoni wakaanza kukuita Papa Mazut. Hukungoja patron arudi, uliweka funguo mezani ukapanda boti ya Mpala. Patron aliporudi alidhani umechoka tu. Na kwa kuwa mashine ya kuandikia ilikuwa ya Papa Gérard, ulisema rafiki yako ndiye aliyekuuza.

Papa Gérard alipiga mashine tu. Aliyegeuza maneno yale kwa Kiswahili ni mimi.

Nilikuwa na miezi miwili kazini, nikijivunia Kifaransa changu. Neno fuite nililijua kutoka picha ya katekisimu, Yosefu na Maria na punda, La fuite en Égypte. Wewe ndiye uliyenionyesha picha ile, ukaniambia wanatorokea Misri. Nilipoona fuite, nikaona mtu anatoroka na mzigo. Na lililo baya zaidi, Papa: niliamini. Niliamini Kifaransa changu kuliko nilivyokuamini wewe uliyenizaa. Uliponiuliza nani ameandika, nilinyamaza. Ukamtaja Gérard, nikanyamaza tena. Naona haya.

Nilikwenda kwake kumweleza. Kumbe alijua tangu siku ile kwamba unamlaumu yeye kwa maneno yangu. Nilimuuliza kwa nini alikubali kuchukiwa miaka minne kwa kosa langu. Alijibu taratibu tu, “Symphorien anaweza ishi bila miye. Bila weye, hawezi.”

Jana nilibandika karatasi mpya pale pale getini: Mazut haikutoroka. Bomba lilivuja. Papa Symphorien hakuchukua kitu. Aliyekosea kutafsiri ni mwanawe. Chini nimeweka jina langu lote. Wanaisoma wakiingia na wakitoka.

Mimi sikuharakishi. Ukinyamaza hata miaka minne nitakuwa nimestahili. Lakini Papa Gérard miguu yake inavimba siku hizi, na kutoka ufukweni mpaka kwako ni kupanda. Najua unasoma polepole, kwa kidole, na muda wote huu amesimama.

Msalimie Mama Adolphine, wasalimie wote wanaotuulizia. Sasa kunja karatasi hii, Papa, umpe kiti.

Mimi mwana wako,
Pontien